Turubai Upande Usio na Mlango

Shikamoo Mama,

Nimekwisha! Lile turubai la kukunjua, nililolichagua ili ukija ukae nje ya gari letu la kulala safarini bila kuchomwa na jua, limefungwa upande usio na mlango. Fundi wa Arusha alifuata picha ya kwenye boksi, ya gari la Ulaya lenye mlango kulia. Letu mlango uko kushoto! Nami nilisimama palepale nikimhimiza akaze.

Leo huku Oldonyo Sambu mvua imenikuta mlangoni nikipika, ugali umegeuka uji. Upande wa pili bibi mmoja na mbuzi wake wamejibanza chini ya turubai. "Mwanangu, mbona unalowa na kwako kuna pakavu?" akauliza. Nikampelekea kiti nilichokuwekea wewe.

Bati la gari limeshatobolewa, Mama, turubai halihamishiki tena. Jifunike vizuri huko nyumbani. Hapa anayekaa pakavu ni mama wa mwenzangu.

Neema wako