Tela Lililokataa Kurudi Nyuma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Dawa ya kuchua niliyompa shangazi isiishie kwa majirani, ni yako. Mimi nina afya, ugali wa ulezi umeninenepesha, na baridi ya Sumbawanga imenifundisha kulala na soksi.

Naandika kwa sababu kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, pacha wangu husema mtandao unakatika. Najua barua hii anakusomea yeye. Doto, usiruke mstari. Shangazi aliyeileta ameshaisoma yote, na amekaa hapo hapo anakusikiliza.

Mama, ni lile tela la kubebea boti ambalo Doto alininunulia Mwanza, likakaa uani kwako mwezi mzima kabla ya kuja huku. Kwenda mbele halina neno. Lina breki zake lenyewe, hata ule mteremko wa kushukia Kirando, ziwani, linashuka kwa adabu kama bibi harusi. Shida ni kurudi nyuma. Ukilirudisha, magurudumu yanajikaza. Fundi wa hapa mjini alipaka grisi, akalegeza waya wa breki, akagonga nyundo, kisha akaniambia, "Dada, wewe endesha kwenda mbele tu."

"Na boti itaingiaje majini?"

"Hapo sasa."

Juzi nikapeleka boti ya kwanza ya kikundi cha wavuvi wa Kirando. Wana nyingine tano zinasubiri huku mjini, na mwenyekiti wao aliniambia wazi: hii ikiingia majini salama, zote ni kazi yangu. Ikinishinda, kuna mwenye lori. Mama, nimetafuta kazi ya namna hiyo tangu nihamie huku. Basi padri amekuja kubariki, kwaya imejipanga, wanawake wameacha dagaa wao juani waje kumtazama mwanamke mwenye tela.

Nikarudisha. Magurudumu yakagoma kuzunguka, yakachimba mifereji miwili mchangani, imenyooka vizuri kabisa. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza upya.

"Dada, hapo unashusha boti au unalima?" mvuvi mmoja akauliza.

"Mwache, anawahi mvua," mwenzake akamjibu.

Mimi napiga hesabu. Boti kilo mia saba, tela mia tatu, jumla tani moja. Gari langu linavuta mbili. Sasa nashindwaje?

Akatokea Masanja, Msukuma mwenzetu aliyehamia huko na mifugo, na maksai wake wawili wametoka kulima. "Fungua gari lako, mdogo wangu. Hii kazi ya ng'ombe." Wakafunga mnyororo nyuma ya tela, wanaume wanne wakainua shingo yake, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, ng'ombe wakavuta kuelekea majini. Likaenda! Ufukwe mzima ukashangilia. Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayetafuta namba ya mwenye lori.

"Simamisheni!" nikapiga kelele.

"Ng'ombe wamekuzidi, dada. Kubali tu."

Sikubali hesabu ambayo haijakaa. Ng'ombe wawili hawalishindi gari. Tofauti ni kwamba wao wanavuta kwa nyuma, gari linasukuma kwa shingo. Nikalala chini kuangalia. Kumbe shingo ikisukumwa inaingia ndani na kukaza waya wa breki, ndivyo ilivyotengenezwa kwa ajili ya mteremko. Ukirudi nyuma, tela linadhani unafunga breki. Na pembeni yake pana tundu, wazi, la kuwekea kipande cha kuizuia isiingie. Kipande chenyewe hakipo.

Nikamwomba Masanja kijiti cha akiba cha nira, kile kinachokaa ubavuni mwa shingo ya ng'ombe. Nikakipunguza kwa panga, nikachomeka. Kikakaa kama kilizaliwa pale. Nikafunga gari langu tena, nikarudisha, na boti ikaelea kabla kwaya haijafika kwenye kiitikio.

Hapo ndipo nikaikumbuka picha. Doto alinitumia kwenye simu kujisifia nira yake mpya: vijiti vitatu vya mti, cha nne chuma chekundu. Mama, tela langu lina rangi gani? Doto, rudia hapo, kwa sauti.

Sitaki agombezwe sana. Kazi nimepewa, boti zote tano, ingawa mwenyekiti bado anasema ni nguvu za ng'ombe, na ameweka sharti Masanja awepo kila tukishusha. Lakini kile kipande lazima kichomolewe kabla ya kurudi barabarani. Kikisahaulika, tela halina breki kwenye mteremko, na mbele yake nipo mimi. Kazi hiyo siwezi kumpa mtu wa kuokota stendi. Huku nina vibarua, sina ndugu. Doto akilete hicho chuma mwenyewe, asimpe kondakta, na akae. Aje na koti zito. Kitanda cha pili nimeshakinunua.

Msalimie baba mdogo, mwambie mbegu zake za ulezi nimezipata. Wifi yangu, mke wa Doto, anivumilie. Nitamrudisha kabla ya palizi, akiwa amefundishwa kuomba vitu vya watu. Shangazi namshukuru kwa kubeba barua na kwa kukaa hapo.

Mwanao, mkubwa wa Doto kwa dakika chache, lakini mkubwa,

Kulwa