Siku Niliyokaa Mbele ya Trekta

Free Area, Nakuru
Mei 2008

Mjukuu wangu Njeri,

Sisi tuko wazima, na shangazi yako amerudi kulima viazi Dundori. Ya ghasia za mwanzo wa mwaka tuyaache. Unauliza kwa nini napanda tena matete mtoni, na wenye malori ya taka wameyafukia mara mbili.

Nilipokuwa msichana, mwenye kiwanda alituma trekta kufukia mahali mto huu unapoingia ziwani. Samaki wachanga hujificha katika matete yale mpaka wakue. Nikakaa topeni mbele ya magurudumu.

"Toka hapo!" dereva akapiga kelele.

"Shuka kwanza uone unachofukia."

Alishuka amekasirika. Nikatenganisha matete, na visamaki vidogo kama punje za mchele vikatawanyika miguuni pake. Nadhani hakuna aliyewahi kumwonyesha.

"Watanifuta kazi," alisema, lakini alizima trekta.

Kesho yake alikuja dereva mwingine, akafukia upande mmoja. Upande wa pili tulikaa wanawake sita. Haujafukiwa hadi leo.

Kwa hiyo wakifukia, nitapanda. Jana Mama Kulwant wa duka la vitambaa alinikuta topeni. Akavua viatu, akachukua jembe, akaanza kupanda nami.

Shosho wako,
Wangari