Jina la Mama Hakimu ukutani

Alliance, uko? Mi niko nje ya choo cha hoteli tunakosomea.

Unajua leo sisi tunaojifunza hesabu za bima tulikuwa na somo la maadili. Ndahiro, mwalimu wetu, ametuandikisha kwenye madaftari: "Siri ya mteja haitoki." Ametutamkisha mara mbili, kama watoto wa chekechea.

Bon, kisha akarusha mfano ukutani kwa projekta. Orodha ya kweli, Alliance. Wateja wa bima wa hapa Rubavu, ugonjwa wa kila mutu, na miaka tunayokadiria amebakiza kuishi.

Majina hakufuta. Hakufuta.

Na Mama Hakimu, yule wa Mahoko anayetuletea chai, alikuwa anapita na sinia. Akasimama. Mustari wa tano: jina lake, figo, miaka minne.

Ndahiro amemuona anasoma. Unajua alisema nini? "Mama, leta sukari." Halafu akaendelea na somo lake la siri. Tuko watu kumi na wawili mule ndani, wote tukainamia madaftari, na mi nikiwa mumoja wao.

Sukari akaileta. Akaniinamia, akauliza polepole: "Mwanangu, ile miaka minne ni ya nini?"

Asubuhi nzima tumefundishwa kumuelezea mteja kwa maneno mepesi. Nimemwambia sijui.

Sasa hivi wamesoma matokeo ya jaribio la asubuhi. Kwenye kuongea na mteja, wa kwanza ni mi.