Wameniita masomo juu ya Ngoie

Jumanne. Mvua ndogo tangu asubuhi, ile ya Bruxelles, haipigi, inakulowesha tu. Na miye wameniita kwenye masomo ya Ngoie, shuleni.

Ngoie ni mujukuu yangu. Ninaishi naye hapa Schaerbeek, mama yake alibaki Lubumbashi. Mwaka huu ameingia secondaire. Niliwazia ni masomo kama ya zamani kwetu: mwalimu, fimbo, kwisha. Kumbe watoto wa umri huu, wenye kuota chunusi na kununa bure, wamewapangia watu. Kuna titulaire, mwalimu mwenye kuchunga darasa lao. Kuna madame mwenye kazi ya kuwasikiliza tu. Kusikiliza, na wanamulipa! Halafu walimu wote wanakaa pamoja, wanaongea juu ya mutoto mumoja mumoja.

Wameongea juu ya wa kwangu.

Bon. Leo madame yule alinikalisha, akanipa maji, akasema polepole: "Maman, Ngoie anasema yeye ni mama yako. Ni yeye anakuchunga."

Nilicheka. Nikamuelezea: mutoto anabeba jina ya mama yangu, basi ninamwita mama, ninamudekea. "Mama, mutoto wako ana njaa, ulete chai." Kwetu Katanga ni vile. Mulitaka nimwite nani, princesse?

Hakucheka. "Na zile siku hakuja masomo?"

Nikashika maji yangu. Zile siku alinisindikiza hospitali. Kifaransa ninasikia, lakini stesheni ya Gare du Nord, pale tunabadilisha tram, nilishapotea nikalia kama mutoto. Yeye aliniona. Tangu siku ile haniachi. Hata safari ya darasa aliikataa, wala hakuniambia. Wao walijua. Miye ninayelala naye chumba kimoja, sikujua.

Nikauliza: "Mutaniondolea mutoto?" Kanisani tunasikia mambo ya hivyo.

Alisema hapana, wanataka tu abaki mutoto. Lakini muntu anayeongea polepole na kukupa maji, miye ninamwogopa.

Nyumbani Ngoie alinikuta jikoni. Kambo, ndiyo bibi, ni vile ananiita. "Kambo, walikugombeza?"

"Nani wa kunigombeza miye?"

"Donc basi, kesho ninakusindikiza hospitali. Nitakosa hesabu tu."

"Utaenda hesabu! Na ile safari, utaenda vilevile. Mukaidi we!"

Akashika mukono wangu. "Na ukipotea?"

"Niko mbuzi, nipotee?"

Nilipaza sauti sana, kusudi asisikie woga yangu. Sasa anakaa sebuleni, anaandika kazi ya masomo, kila mara anainua kichwa kuniangalia. Miye ninajifanya ninachagua maharagi.

Nimeshatundika koti karibu na mulango. Kesho nitashuka Gare du Nord peke yangu, na nisiporudi vizuri, mutoto huyu hatakwenda masomo tena kwa roho ya kutulia.

Kwa sauti simuulizi: pale chini, kwenye ngazi zile zenye kutembea, mulango wa kutokea uko upande gani, mama?