Sikio la Mama

Wanangu,

Maharage yameiva, yapasheni tu. Mlango wa nyuma msiubamize, bawaba imelegea. Na nguo zianuliwe kabla ya mvua.

Nimekwenda kupimwa masikio. Msishtuke. Wiki iliyopita daktari aliniambia nimepungukiwa chuma kwenye damu. Mimi nikasikia "chumba", nikamjibu, "Tunavyo viwili, daktari." Hakucheka. Akaniandikia vidonge, akasema wenye upungufu huo wakati mwingine husikia kwa shida, ila hana hakika kama ndicho chanzo kwangu. Ndiyo maana napimwa leo. Sikuwaambia. Nilikuwa nangoja mtu aniulize mbona ngazi tano tu zinanikalisha chini.

Asubuhi hii baba yenu kaomba shati, nikampelekea chai. Mkacheka hadi mkapaliwa. Sikukasirika, hata mimi ningecheka. Lakini wewe, kifungua mimba wangu, ukainamia sahani ukasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Hilo nililisikia neno kwa neno.

~~Mmoja wenu anifuate kliniki, nisije nikaitwa nisisikie.~~ Msije. Nitakaa karibu na mlango, nimtazame nesi mdomoni.

Vidonge viko nyuma ya kopo la sukari, msivihamishe. Sikio hili bado linaisikia dawa. Ninyi ndio mmeacha kulisemesha.

Mama yenu