Mjeledi Si Kamba ya Nguo

Jumanne, tarehe 9. Mvua imenyesha usiku kucha, sasa ni manyunyu.

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mjeledi wangu nimeutundika nyuma ya mlango. Usiuweke juani wala karibu na jiko, utakakamaa. Ukikauka taratibu ndipo upakwe mafuta. ~~Tafadhali nisaidie kuupaka.~~ Usiuguse. Nitaupaka mwenyewe.

Baada ya sala nilitoka uani nikaukuta umefungwa toka dirishani hadi kwenye nguzo, suruali zako nne zikining'inia juu yake, zote chapachapa.

"Kamba ilikatika jana," ukasema. "Ngozi ni ngozi tu, mama. Kwani una ng'ombe?"

Watoto wakacheka. Nami nikacheka, kwa aibu.

Fundi wa ngozi aliusuka miezi mitatu. Wiki sita sasa mwalimu wa darasa la jioni la mchezo wa mjeledi ananifundisha kuuzungusha polepole, miwani machoni, watu wakae mbali. Nimejichapa sikio mara mbili, sikulalamika. Leo ilikuwa zamu yangu kuufanya utoe mlio mbele ya wenzangu. Nikitoka kazini nitapita darasani mikono mitupu, nikawatazame wao.

Daftari langu la masomo ulilitumia kuwashia jiko, nikakusamehe. Kumbe kila ninachojifunza wewe unakitafutia kazi. Siku zote nauombea moyo wako. Leo nimeuombea wangu.

Na nilichosema mlangoni ulipokuwa ukirudi kulala sikuropoka, dada yako aliyelala kwetu na watoto ni mashahidi: "Mungu akinipa uzima, mjeledi huu utalia mkononi mwangu, na wewe utausikia ukiwa jikoni."

Mama Watoto