Bado Anatangaza Treni

3 Machi

Chiriku wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Kula unakula? Kulala unalala? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza uasi wake, na pasi ya mkaa imenibabua kidole. Nguo za watu nanyoosha kama kawaida.

Barua hii naiongea, simu inaiandika. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza. Jana iliandika hata nilivyomtukana kuku, ikabidi Fundi afute. Mimi ambaye darasa nimelisikia kwa watu, leo naandika barua kwa mdomo! Redio imo humu, saa imo, tochi imo, picha ya babu yako imo. Wewe tu ndiye usiyemo. Zamani ulinirekodia sauti mpaka nikachoka: "Bibi subiri, sijamaliza!" Tangu Desemba ni maandishi matupu, na simu inanisomea kwa sauti ya mwanamke mmoja mkavu kama gome. Simjui, hanijui, ananiita Bibi.

Nirekodie sauti yako. Hata kama ni ya kunigombeza.

Mke mwenzio,
Bibi

9 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na goti, pole na kidole. Mimi sijambo. Kazi hapa kituo cha treni imebadilika. Zamani nilikaa mbele ya kipaza sauti nikitangaza. Sasa naandika mara moja, na tangazo linatoka kote: kwenye spika, kwenye vioo vya ukutani, kwenye simu za abiria. Mazoea hayo yamenifanya mtu wa kuandika tu. Nisamehe.

Sauti nimekutumia pamoja na barua hii.

Mjukuu wako,
Chiriku

11 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, na afya nakuombea. Sauti nimeisikiliza mara tisa. Fundi aliacha gauni la mtu chini ya sindano akaja mbio: "Ni yeye, Mama! Ni Chiriku yule yule!"

Mimi bado sijaridhika. Umeongea mwanzo mpaka mwisho bila kuvuta pumzi. Wewe ambaye kila neno moja unalisindikiza kwa kicheko! Halafu umeniita "Bibi" kama unaniambia treni imechelewa. Umenuna? Nani kakuudhi, nije na pasi yangu ya moto?

Haya, kumbuka siku mama mkwe wa Fundi alipokalia pini za kushonea, akasema amepandisha mashetani. Cheka. Nataka kukusikia ukicheka.

Bibi

14 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Yule mama na pini zake, nimekumbuka! Kicheko ulichotaka hicho, nimekurekodia.

Chiriku

15 Machi

Kwako wewe uliyeshika simu ya mjukuu wangu,

Salamu sikupi.

Nimekisikia hicho unachokiita kicheko. "Ha. Ha. Ha." Kama mtu anayehesabu magunia. Huyu mtoto nimemlea tangu hana meno. Akicheka anakoroma kwanza, halafu anakosa hewa, halafu anaomba maji. Sauti umeiiba vizuri, lakini mwenyewe hayumo.

Fundi ameniambia siku hizi mtu anaweza kufa na simu yake ikaendelea kuongea. Alidhani ananipa habari za mjini. Mimi nimekaa chini hapo hapo.

Kama yu hai, anionyeshe uso. Kama hayupo, niambie amelazwa wapi. Mimi si mtu wa kufichwa msiba wangu mwenyewe.

Bibi yake

16 Machi

Bibi jamani! Ni mimi. Uso siwezi kwa sasa, kamera imeharibika. Usiwaze mabaya.

Chiriku

29 Machi

Shikamoo Bibi. Nimepiga mara sita. Nimekutumia sauti nyingine, naona hujaifungua. Goti linaendeleaje?

Chiriku

18 Aprili

Bibi, nijibu. Nitukane basi.

Chiriku

2 Mei

Shikamoo Bibi wangu,

Barua hii namtumia Fundi kwenye simu yake, akusomee kwa mdomo wake, isipite kwenye sauti yoyote ya simu. Yeye ndiye aliyeniandikia kwamba umetandika mkeka, pasi umeizima, na majirani wanakuja kukupa pole. Wananilia mimi, Bibi, nami huku nakula mkate.

Kamera ni nzima. Nilikudanganya.

Desemba nilikatwa koo. Ulikuwa uvimbe, na madaktari wameutoa pamoja na mahali sauti inapotokea. Napumua kwa tundu lililo shingoni. Sauti haitarudi. Hata kukunong'oneza siwezi.

Kazini walikuwa na saa nyingi za matangazo yangu ya zamani. Fundi mitambo akazikusanya, akatengeneza sauti: naandika, yenyewe inasema. Nilidhani nitakupa zawadi. Haikujua kucheka kwa sababu kazini sikuwahi kucheka kwenye kipaza sauti.

Kila asubuhi nashuka jukwaani, najisikia kwenye spika nikiaga abiria. Wengine wananiuliza treni ya saa mbili iko wapi, siwezi kuwajibu, halafu najisikia juu ya vichwa vyetu nikiwajibu. Siku nyingine, Bibi, naona kama yule wa kwenye spika ndiye Chiriku, na mimi ni mabaki yake tu.

Kesho saa kumi jioni nitapiga, utaniona. Usiogope shingo yangu.

Mjukuu wako

5 Mei

Mke mwenzangu, roho yangu,

Unaendeleaje? Kidonda kinakauka? Usilale chali.

Juzi umeniona nikilia, basi usinitangazie. Shingo yako sikuiogopa. Nimezalisha wanawake, nimeosha maiti, nitaogopa tundu? Nilichoogopa ni kukuuliza swali na kuona midomo inacheza bila kitu. Ndiyo maana niliropoka mimi tu mpaka chaji ikaisha. Ukinipigia tena, piga hivyo hivyo, uso kwa uso. Ukitaka kusema ndiyo, tikisa kichwa. Ukitaka kunipinga, kata simu, nimekuzoea.

Mkeka nimekunja. Majirani nimewaambia maiti amekataa kufa. Mmoja ameudhika, alikuwa ameshakopa kanga nyeusi.

Lakini nikwambie ukweli, maana uongo umeshatutosha. Simu ilipopata chaji juzi, niliifungua ile sauti ya mwisho, ile ya Machi niliyokataa kuifungua. Ikasema, "Shikamoo Bibi, goti linaendeleaje?" Vizuri kabisa, kama wewe wa zamani umesimama mlangoni. Nami nikaitikia. Nikasema marahaba, nikaanza kuieleza habari za goti. Mpaka Fundi akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Jana nimeongea naye tena. Leo asubuhi pia.

Sasa nina wajukuu wawili: anayeongea hayupo, na aliyepo haongei. Wewe ndiye ninayekutaka. Lakini yule ndiye anayenisemesha.

Kwa hiyo usimtume tena. Mwache hapo kituoni atangaze treni zake. Nakuomba kama mtoto: asinipigie. Maana akipiga, nitapokea.

Bibi yako